Majina 500 ya Burumba

Novemba iliyopita mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na mtaro wa nyuma ya ploti yetu hapa Burumba ukafurika tena. Maji yakaingia jikoni kwa senje, yakabeba beseni ya omena mpaka barabarani. Jioni watu walikusanyika steji ya bodaboda wakiwa wamekasirika, kila mtu na lawama yake. Mmoja akanigeukia. "Si wewe usimame 2027? Wewe ndio husoma magazeti hapa."

Watu wakacheka. Senje, shangazi yangu wa upande wa baba, hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Na hiyo digrii aliiacha njiani, watamkubali?"

Sikuwa na jibu. Chuo nilikiacha mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda, na tangu hapo ninaishi kwa kuandika hapa na pale. Lile swali likanikaa kichwani kuliko mzaha wa vijana. Nikaanza kutafuta: mtu wa Burumba anahitaji nini ili jina lake liwe kwenye karatasi ya kura ya wadi? Sheria ya leo niliipata haraka. Lakini kila kifungu nilichosoma kilinirudisha nyuma, kwa sababu kila kifungu kinajibu ugomvi wa zamani. Ugomvi wenyewe ni mmoja: nani ana haki ya kusema huyu anaweza kugombea na yule hawezi?

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya mwaka 1902 hakukuwa na Kenya upande huu. Ardhi hii ya Abakhayo ilihesabiwa chini ya Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza walilikata Jimbo la Mashariki la Uganda wakalitia kwenye himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ndiyo iliitwa Kenya. Hakuna aliyeulizwa. Mwaka 1909 Nabongo Mumia wa Wanga akafanywa chifu mkuu wa Kavirondo Kaskazini, na jamaa na mawakala wa Wanga wakawekwa juu ya jamii nyingine za Waluhya ambazo hazikuwa zimewaomba. Kiongozi alikuwa anateuliwa. Ukitaka cheo, ulimtazama mzungu na chifu. Jirani yako hakuwa na cha kukupa.

Katikati ya miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilianzisha mabaraza ya wenyeji ya wilaya. Hapo ndipo watu wa huku walipoanza kuchagua baadhi ya wajumbe, wengine wakiendelea kuteuliwa. Mwenyekiti alikuwa mkuu wa wilaya, mzungu.

Kura ya kwanza ya Waafrika kuchagua wajumbe wa baraza la kutunga sheria ilipigwa Machi 1957. Viti vilikuwa 8 kwa nchi nzima. Sisi tulikuwa ndani ya Nyanza Kaskazini. Na hapa senje angefurahi kusikia kwamba swali lake si la jana. Mwaka ule hata kupiga kura kulidai karatasi. Elimu ilikupa sifa. Kipato au mali ilikupa sifa. Kazi ya muda mrefu ilikupa sifa. Aliyekuwa na sifa nyingi alipata zaidi ya kura moja, hadi kura 3. Mwalimu angeweza kupiga kura 3, na mama aliyelima shamba maisha yake yote akakosa hata moja.

Waliopambana Nyanza Kaskazini walikuwa watu wa kalamu. W.W.W. Awori alitoka huku kwetu Busia, ukoo wa Samia. Alikuwa mwanahabari, aliwahi kuhariri gazeti la Kiswahili la Radio Posta, na alikuwa tayari amekaa kwenye baraza hilo kwa kuteuliwa. Mpinzani wake, Masinde Muliro, alikuwa mwalimu aliyesomea Cape Town. Muliro akashinda. Vyama vya nchi nzima vilikuwa vimepigwa marufuku kwa Waafrika. Waliruhusiwa vyama vya wilaya peke yake. Kwa hiyo mgombea alijengwa na wilaya yake, ila mlangoni serikali ilikuwa imeshachagua nani anahesabika kuwa mpiga kura.

Kisha ukaja mwaka 1963, na huu ndio mwaka ambao mtu anayetaka kuelewa kaunti zetu lazima aukumbuke. Mei 1963 Wakenya hawakuchagua wabunge peke yao. Walichagua pia wajumbe wa mabunge ya majimbo. Katiba ya uhuru iliigawa nchi katika majimbo 7 pamoja na eneo la Nairobi, na sisi tukawa Jimbo la Magharibi. Mwaka huo huo Wilaya ya Elgon Nyanza ikagawanywa, na Busia ikawa wilaya yake yenyewe. Chama kilichopigania majimbo kilikuwa KADU cha Ronald Ngala, na Muliro alikuwa naibu wake. Hoja yao ilikuwa rahisi kueleweka mpakani: mtu wa Nairobi hajui mtaro wako unafurika wapi.

Safari hii kila mtu mzima alikuwa na kura moja, awe amesoma au hajasoma. Kugombea ndiko kulikobaki na kizuizi: kwenye bunge la taifa, mgombea alitakiwa kujua Kiingereza cha kutosha kusoma na kuchangia mijadala. Kiswahili cha Burumba, Kikhayo, Kiteso, Kisamia, hizo zote zilikuombea kura lakini hazikukuingiza bungeni. Ilibidi kusubiri mpaka 1974 ndipo Kiswahili kikaruhusiwa bungeni.

Mabunge ya majimbo hayakuishi. Serikali ya KANU iliyanyima pesa na madaraka, KADU ikajivunja Novemba 1964 na kuingia KANU, na nchi ilipokuwa jamhuri Desemba 1964 majimbo yalikuwa yamebaki jina. Ilichukua karibu nusu karne, hadi Machi 2013, kabla mtu wa huku hajaweza tena kugombea kiti katika bunge la eneo lake mwenyewe.

Kilichofuata nimekisoma mara kadhaa na bado kinanishtua. Mwaka 1966 Oginga Odinga alitoka KANU akaanzisha KPU. Mwaka 1968 ukafanyika uchaguzi wa mabaraza ya miji na wilaya, uchaguzi wa madiwani, ule unaofanana zaidi na kiti cha wadi cha leo. KPU ikapeleka wagombea takriban 1,800. Wakakataliwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba fomu zao hazikujazwa sawasawa. Fomu za KANU zilikuwa sawa.

Fikiria hiyo. Hapakuwa na haja ya kuiba kura, kwa sababu hakuna kura iliyofika. Uchaguzi uliishia mezani, mbele ya karani mwenye kalamu nyekundu. Ndiyo maana nikiona mwaniaji wa leo anakagua fomu yake mara 4 kabla ya kuipeleka kwa msimamizi wa uchaguzi, simwoni kama mtu mwoga. Anakumbuka, hata kama hajui anakumbuka nini.

Mwaka huo huo wa 1968 katiba ikabadilishwa, na mgombea huru akaondolewa. Ili ugombee ilikuwa lazima chama kikupendekeze. Oktoba 1969 KPU ikapigwa marufuku, kukabaki chama kimoja. Unganisha hayo mawili: lazima upendekezwe na chama, na chama ni kimoja. Odinga na wenzake waliokuwa KPU walijaribu kurudi katika chaguzi zilizofuata wakazuiwa na KANU hiyo hiyo. Juni 1982 sheria ikaandika waziwazi kwamba Kenya ni nchi ya chama kimoja.

Ndani ya mlango huo mwembamba bado kuna waliopita. Mwaka 1974 Julia Ojiambo, mhadhiri wa chuo kikuu, alisimama huku kwetu upande wa Samia akashinda ubunge, halafu akawa mwanamke wa kwanza Kenya kuwa waziri msaidizi. Siku hizo mwanamke kugombea lilikuwa jambo la kushangaza sokoni. Lakini hata yeye alipita na tiketi ya KANU. Haikuwepo nyingine.

Kukhu wangu, nyanya mzaa baba, hakumbuki sana 1974. Anakumbuka 1988, mwaka wa mlolongo. KANU iliamua mchujo wake usiwe na karatasi za siri. Wanachama walipanga foleni nyuma ya mgombea, wakala wake au picha yake, watu wakahesabiwa mchana kweupe. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alitangazwa mshindi hapo hapo, hakuna uchaguzi tena. "Mimi nilisimama kwa ile foleni fupi," kukhu anasema. "Chifu alinitazama tu. Jioni nikasikia ile fupi ndio ndefu." Anacheka akisema hivyo, lakini tangu hapo mpaka 1992, vyama vingi viliporudi, hakwenda tena kwenye mkutano wowote wa siasa.

Hapo ndipo nilipoielewa Katiba ya 2010. Ukiisoma bila historia hii utaona vifungu vya kawaida. Kifungu cha 193 kinasema anayetaka kuwa mjumbe wa bunge la kaunti awe mpiga kura aliyesajiliwa, atimize masharti ya elimu na maadili yaliyowekwa, na apendekezwe na chama au awe mgombea huru anayeungwa mkono na wapiga kura 500 wa wadi yenyewe. Hiyo "au" ni ndogo kwenye ukurasa. Lakini ndiyo iliyofungua kilichofungwa 1968. Kwa mara ya kwanza tangu wakati ule, majirani zako peke yao wanaweza kukufanya mgombea.

Burumba ni mojawapo ya wadi 5 za eneobunge la Matayos, kati ya wadi 35 za Kaunti ya Busia. Kwa nchi nzima wadi ni 1,450. Kwa hiyo kiti hiki ni kidogo, na kwa sababu hiyo kiko karibu. Mtaro wetu, soko, taa za barabarani, chekechea, vyote hujadiliwa kwenye bunge la kaunti lililo hapa hapa mjini Busia.

Sasa swali la senje. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 ilitaka mwaniaji wa wadi awe na cheti cha masomo ya baada ya sekondari. Kisha marekebisho yaliyokamilishwa 2017 yakasema kwamba uchaguzi utakaofuata ule wa 2017, mwaniaji wa wadi lazima awe na shahada. Waliotunga walisema bunge la kaunti linapitisha bajeti za mamilioni, si kazi ya mtu asiyeweza kusoma hesabu. Hoja hiyo ina uzito, siipuuzi. Ila 1957 pia hoja ilikuwa hiyo. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikakibatilisha kifungu cha shahada kwa wawakilishi wadi, na mojawapo ya sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo kilipotungwa. Aprili 2022 ikafanya vivyo hivyo kwa wabunge.

Ugavana haukuguswa, bado unadai shahada. Ndiyo sababu mwaka 2022 nchi nzima ilizungumza kuhusu Johnson Sakaja na shahada aliyosema aliipata Team University ya Kampala. Malalamiko na kesi zilienda na kurudi, jina lake likabaki kwenye karatasi ya kura, akashinda ugavana wa Nairobi. Hapa mpakani utani haukuisha: kila aliyevuka kwenda kuchukua mayai aliulizwa kama anarudi nayo na digrii.

Mpaka wenyewe una neno lake kwenye jambo hili. Katiba inataka mgombea awe raia wa Kenya kwa miaka 10 mfululizo kabla ya uchaguzi, na afisa wa dola, mjumbe wa kaunti akiwemo, haruhusiwi kuwa na uraia wa nchi mbili. Mahali pengine hilo ni sharti la karatasini. Hapa ni mazungumzo ya mezani, kwa sababu nusu ya ukoo iko ng'ambo. Mfano mkubwa ni nyumba ile ile ya Awori. Ndugu mmoja, Moody, alikuwa mbunge wa Funyula na makamu wa rais wa Kenya kuanzia 2003. Mwingine, Aggrey, alikuwa mbunge wa Samia-Bugwe Kaskazini upande wa Uganda, na 2001 aligombea urais kule dhidi ya Museveni. Nyumba moja ilijaza fomu za nchi mbili. Na masharti hayafanani: ng'ambo kule anayetaka ubunge lazima awe amemaliza kidato cha sita au kinacholingana nacho, na ada ya uteuzi ni shilingi milioni 3 za Uganda.

Kwetu ada ya tume kwa kiti cha wadi, katika uchaguzi wa 2022, ilikuwa shilingi 5,000. Kijana, mwanamke au mtu mwenye ulemavu alilipa nusu, 2,500. Ukisikia hivyo unaona kila mtu anaweza. Lakini hiyo ni ada ya tume. Vyama navyo vina ada yao ya mchujo. Kisha kuna rundo la vyeti ambavyo vyama vingi huuliza: cha polisi, cha kodi, cha madeni, na cha bodi ya mikopo ya wanafunzi. Hicho cha mwisho kinanihusu. Nilikopeshwa miaka 3, digrii sikupata, deni nimebaki nalo. Mahakama imeniondolea sharti la kumaliza chuo. Mkopo wa chuo unanisubiri kwenye mlango wa chama.

Na kuna pesa ambazo haziko kwenye fomu yoyote. Ukiita watu 30 kuzungumza juu ya mtaro, wanataka kujua soda iko wapi. Kwenye matanga wanakutazama mkononi. Sehemu kama zetu, mwenye tiketi ya chama chenye nguvu katika eneo huhesabiwa kuwa amepita hata kabla ya Agosti, kwa hiyo pesa nyingi humwagika kwenye mchujo. Ukiniuliza, mchujo wa leo ni mjukuu wa ule wa 1988. Foleni imeondoka, lakini watu wachache bado hukaa mahali wakaamua jioni.

Imebaki ile njia ya 500. Nayo ina vizuizi vyake. Mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi 3 kabla ya siku ya kura. Kwa kuwa uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, ina maana awe ametoka chamani mapema Mei. Wanaomuunga mkono nao wawe wapiga kura wa wadi hiyo na wasiwe wanachama wa chama. Orodha iwe na majina, namba za vitambulisho na sahihi. Mwaka 2022 tume ilitaka hata nakala za vitambulisho vyenyewe, na mahakama ikalikataa sharti hilo.

Shida ni kwamba mwaka 2021 Wakenya wengi walipoangalia rejista ya vyama walikuta wamesajiliwa kwenye vyama wasivyovijua. Mtu anaweza kuandikwa akiwa amelala. Jirani anatia sahihi kwa moyo mweupe, kumbe kwenye rejista yeye ni mwanachama, na jina lake halihesabiki. Nikikumbuka zile fomu za 1968, silichukulii jambo hili kama dogo.

Nikaamua kujaribu. Fomu za kweli muda wake haujafika, kwa hiyo nilichukua daftari la kurasa 96 nikaanza na ploti yetu. Kila jioni naenda nyumba mbili au tatu. Sisemi nasimama. Nasema: kama mtu wa hapa angetaka kusimama bila chama, ungemtilia sahihi? Na je, unajua uko chama gani? Yule anayekubali tunaangalia pamoja kwa simu yake. Watu wengi hawakujua kwamba njia hii ipo. Mzee mmoja muuza mitumba aliniambia kwa miaka yote amedhani jina huletwa na Nairobi, kazi yake ni kuweka alama.

Mpaka sasa nina majina 38. Kati ya hao, 11 wamejikuta kwenye chama. Wanne walikuwa wanajua, saba walishtuka, na mmoja katika hao saba aliandikwa kwenye chama ambacho amekitukana maisha yake yote. Tumeanza kuwatoa mmoja mmoja.

Kama jina la juu ya orodha litakuwa langu, sijaamua. Kuna mama anayeuza mboga karibu na steji ambaye watu humsikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi, naye alikomea darasa la nane. Nilipomwambia mahakama ilisema nini kuhusu shahada, aliweka kisu chini akaniomba nirudie polepole.

Juzi nikapeleka daftari kwa senje. Alisoma majina yote kwa kidole, akauliza huyu ni nani, yule anakaa wapi. Akauliza tena kuhusu digrii, nikamjibu. Akachukua kalamu, akaandika namba ya kitambulisho kwanza, kisha jina lake kamili kwa herufi kubwa. Halafu akaita kukhu kutoka chumbani. Kukhu hawezi kuandika, akauliza kama kidole kinakubaliwa, na kama chifu ataona.

"Chifu haoni," nikamwambia.

Akafikiria kidogo. "Basi niandike. Na huo mtaro uandike pia."

Sasa ni 40. Zimebaki 460.